Kifafa Kisichoachia: Historia ya Jina, Picha na Saa

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazowasumbua wafasiri wetu mara kwa mara, mojawapo ni ile inayotaja kifafa kinachomshika mtu kisha kikakataa kumwachia, au kinachomwachia kidogo na kumrudia kabla hajapata fahamu zake. Madaktari wa nchi nyingi huitaja hali hiyo kwa maneno mawili ya Kilatini, status epilepticus. Mfasiri anayeyakuta maneno hayo huona njia kadhaa mbele yake. Anaweza kuandika "hali ya kifafa", akifuata Kilatini neno kwa neno. Anaweza kuandika "kifafa cha muda mrefu", akifuata maana aliyoelezwa na daktari. Anaweza pia kuandika "kifafa endelevu", kwa kuwa neno "endelevu" limezoeleka sana katika maandishi ya serikali.

Kwa kutazama juu juu, majina hayo yote yaelekea kufaa. Lakini istilahi haipimwi kwa kutazamwa na mfasiri aliyeiunda; hupimwa kwa kusomwa na mtu asiyejua ilikotoka. Mwalimu akisoma katika kijitabu cha afya kwamba mwanafunzi mwenye "kifafa cha muda mrefu" apelekwe hospitali bila kuchelewa, ataelewa nini? Ataelewa kwamba anayetajwa ni mwanafunzi aliyeugua kifafa kwa miaka mingi. Hatajua kwamba maneno yale yalikusudiwa kumwambia atazame saa yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi jina hilo la kigeni lilivyozaliwa, jinsi picha za ubongo zilivyofunua jambo ambalo jina halikulisema, na jinsi muda ulivyoingia katika fasili yake hatua kwa hatua. Mwishoni tutatoa pendekezo letu la jina la Kiswahili pamoja na istilahi chache zinazoambatana nalo. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba, katika jambo hili, jina lisilobeba maana ya muda ni jina pungufu, na kwamba upungufu wake waweza kumgharimu mgonjwa ubongo wake.

Jina lililotoka kwa wagonjwa

Mwaka 1824 daktari kijana wa Kifaransa, Louis Calmeil, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari mjini Paris. Humo alieleza habari za wagonjwa wa kifafa ambao shambulio moja likiisha jingine huanza, yakaandamana kwa makumi bila ya mgonjwa kuzinduka. Calmeil alieleza kwamba wagonjwa wenyewe, wao kwa wao, waliita hali hiyo état de mal. Neno "mal", yaani ugonjwa, lilimaanisha kwao kifafa chenyewe, na "état" ni hali.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa na kila mwanaistilahi. Jina halikutoka kwa maprofesa. Lilitoka kwa watu waliolala katika wodi moja na ugonjwa huo, ambao walijua kwa macho yao na kwa miili yao tofauti iliyopo kati ya siku ya kuanguka na kuinuka na siku ya kuanguka pasipo kuinuka. Daktari alisikiliza, akaandika.

Baada ya hapo jina liliingia mikononi mwa wasomi. Katika miaka ya 1860 Victor Bazire alitafsiri kwa Kiingereza mihadhara ya tabibu mashuhuri wa Paris, Armand Trousseau, na katika tafsiri hiyo maneno ya wagonjwa yakavikwa joho la Kilatini: status epilepticus. Istilahi ambayo leo hutumika ulimwenguni kote ilipita, basi, katika kalamu ya mfasiri. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Désiré Bourneville, alizieleza dalili zake kwa utaratibu: mashambulio yanayofuatana, kupotewa na fahamu, kupooza, na joto la mwili kupanda.

Kilatini kiliipa istilahi heshima na kuiwezesha kuvuka mipaka, lakini palikuwa na hasara. Mgonjwa wa Paris aliposikia maneno yale ya Kifaransa alijua kwamba hatari imefika. Mtu anayesoma neno "status" hapati habari ya hatari wala ya muda. Anaambiwa tu kwamba kuna hali fulani.

Ubongo kabla ya picha

Kwa miaka mingi ubongo wa mgonjwa wa kifafa ulionekana pale tu alipokwisha kufa. Mwaka 1825, mwaka mmoja baada ya tasnifu ya Calmeil, Bouchet na Cazauvieilh walieleza huko Ufaransa kwamba katika maiti za baadhi ya wagonjwa wa kifafa waliikuta hipokampasi imekakamaa. Hipokampasi ni sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande, nayo hutumika sana katika kuhifadhi kumbukumbu. Jina lake latokana na Kiyunani na maana yake ni farasi wa baharini, kwa sababu wapasuaji wa kale waliona kwamba umbo lake lafanana na samaki huyo. Mwaka 1880 Mjerumani Wilhelm Sommer alionyesha ni eneo gani hasa la hipokampasi ambalo seli zake hufa zaidi.

Hapo likazuka swali lililodumu kwa zaidi ya karne moja. Je, kovu lile ndilo lililoleta kifafa, au kifafa ndicho kilicholeta kovu? Maiti haiwezi kujibu swali hilo. Huonyesha mwisho wa safari, wala haisemi kilichotangulia.

Mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, haikusaidia sana kwa jambo hili, maana ilionyesha fuvu na kuuacha ubongo gizani. Mwaka 1918 na 1919 daktari Mmarekani Walter Dandy alibuni njia ya kuingiza hewa katika vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, ili vyumba hivyo vionekane katika eksirei. Ilikuwa njia yenye maumivu, na iliyoonekana ni mipaka ya ubongo, wala si nyama yake. Mwaka 1929 Hans Berger wa Ujerumani alichapisha michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu. Michoro hiyo, ambayo hospitalini huitwa EEG, iliwawezesha madaktari kujua kwamba mtu aweza kuwa katika kifafa kisichokoma hali amelala kimya au amekodoa macho tu, bila kutukutika hata kiungo kimoja. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu lina uzito katika kuchagua jina.

Mwaka 1960 Henri Gastaut na wenzake wa Marseille walieleza ugonjwa wa watoto wadogo wanaoshikwa upande mmoja wa mwili kwa muda mrefu, mara nyingi wakiwa na homa, kisha wakapooza upande huohuo, na baadaye wakapata kifafa cha kudumu. Nusu moja ya ubongo wa watoto hao ilisinyaa. Ushahidi ulikuwa ukielekea upande mmoja, lakini bado ingeweza kudaiwa kwamba homa, au kukosa hewa, au kushuka kwa sukari ndiko kulikoharibu ubongo, na kwamba kifafa kilisingiziwa.

Nyani wa mwaka 1973

Dai hilo lilijibiwa mwaka 1973. Huko Uingereza Brian Meldrum na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia nyani. Waliwasababishia wanyama hao kifafa kwa dawa, kikaendelea kwa zaidi ya saa moja, kisha wakauchunguza ubongo wao. Seli za gamba la ubongo na za hipokampasi zilikuwa zimeharibika. Katika kundi jingine walilegeza misuli ya wanyama kwa dawa na kuwapumulisha kwa mashine, ili mwili usichoke kwa kutukutika na damu isipungukiwe na hewa. Madhara yalipungua, lakini hayakutoweka. Hipokampasi bado iliumia.

Maana ya matokeo hayo ilikuwa nzito. Seli za ubongo zinazofyatua umeme bila kupumzika hujiumiza zenyewe, hata pale ambapo mwili mwingine wote umetunzwa vizuri. Adui, basi, hakuwa homa peke yake wala ukosefu wa hewa peke yake. Muda wenyewe ulikuwa adui. Lakini hao walikuwa nyani, na waliochunguzwa walikuwa wamekwisha kufa. Ilibaki kuyaona mambo hayo katika binadamu aliye hai.

Picha zaanza kusema

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo, ambayo sasa hujulikana kwa kifupi cha CT, hupitisha eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta ikakokotoa picha ya ubongo kipande baada ya kipande, kama mkate uliokatwa. Hesabu zinazohusika zilikuwa zimefanyiwa kazi mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Katika miaka ya 1980 zilianza kuchapishwa taarifa za kustaajabisha. Mgonjwa aliyetoka katika kifafa cha saa nyingi alipigwa picha ya CT, ikaonekana sehemu ya ubongo imevimba na kufifia. Daktari alidhani ni kiharusi au uvimbe wa saratani. Baada ya majuma kadhaa mgonjwa alipopigwa picha tena, alama ile haikuwapo. Ilikuwa nyayo ya kifafa chenyewe, iliyofutika kadiri ubongo ulivyopona.

Nyayo hizo zilionekana waziwazi zaidi ilipokuja picha ya sumaku, ambayo hospitalini huitwa MRI. Msingi wake uliwekwa na Paul Lauterbur mwaka 1973 na kuendelezwa na Peter Mansfield; nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Picha ya sumaku haitumii mionzi. Husoma mwitiko wa maji yaliyomo mwilini, na kwa kuwa ubongo uliovimba umejaa maji kuliko kawaida, sehemu hiyo huweza kutokea nyeupe pasipopasa kuwa nyeupe. Katika miaka ya 1980 na 1990 iliongezwa namna nyingine ya picha hiyohiyo, inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama ya ubongo.

Tueleze kwa ufupi mambo yanayoonekana. Seli za ubongo zilizo katika kifafa hula hewa na sukari kwa pupa, na damu hukimbilia huko ili kuzilisha. Ndiyo maana picha za mtiririko wa damu mara nyingi huonyesha kwamba damu imeongezeka katika sehemu inayowaka. Kifafa kikiendelea, ulishaji hauwezi tena kutosheleza ulaji. Pampu ndogo zinazosukuma chumvi nje ya seli hulegea, chumvi huingia, na maji huifuata. Seli huvimba, na maji yaliyonaswa ndani yake hayawezi kutembea kwa uhuru. Picha ya mwendo wa maji hulionyesha jambo hilo mara moja.

Sehemu zinazoonekana kuathirika ni zilezile kwa wagonjwa wengi. Ya kwanza ni hipokampasi. Ya pili ni gamba la ubongo, yaani tabaka la juu, ambalo huonekana kama utepe mweupe unaofuata mikunjo yake. Ya tatu ni sehemu ya nyuma ya thalamasi, iitwayo pulvina, ambayo ni kama njia panda ya mawasiliano ya gamba. Mara nyingine huathirika pia ubongo mdogo wa kisogoni, tena ule wa upande wa pili, kwa sababu nyuzi za mawasiliano hupishana. Alama hizi hutofautiana na za kiharusi kwa jambo moja kubwa. Kiharusi hufuata eneo linalolishwa na mshipa mmoja wa damu. Kifafa hakijali mipaka ya mishipa; hufuata njia za umeme.

Hapana budi kuongeza tahadhari mbili. Kwanza, si kila mgonjwa huonyesha alama hizo. Wako waliokuwa katika kifafa kirefu na picha zao zikawa safi. Pili, alama ikionekana haina maana kwamba ubongo umekwisha kufa. Nyingi hufifia katika siku au majuma. Baadhi, hata hivyo, huacha kusinyaa na kovu, na hapo ndipo tunaporudi kwenye swali la mwaka 1825.

Watoto wenye homa

Swali la kuku na yai, yaani la kovu na kifafa, lilihitaji watu waliopigwa picha mara tu baada ya shambulio na kupigwa tena baada ya muda mrefu. Huko London Rod Scott na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa watoto waliopigwa picha ndani ya siku tano baada ya shambulio refu. Waliona kwamba hipokampasi za watoto walioshikwa wakiwa na homa zilikuwa zimevimba.

Huko Marekani uchunguzi mkubwa zaidi, ujulikanao kama FEBSTAT, uliwafuatilia watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 5 walioshikwa wakiwa na homa kwa dakika 30 au zaidi. Taarifa ya mwaka 2012 ilieleza kwamba kati ya watoto 191 waliopigwa picha ya sumaku mapema, 22 walikuwa na weupe wa hakika au wa kutiliwa shaka katika hipokampasi. Miongoni mwa watoto 96 wa kulinganisha, ambao shambulio lao la homa lilikuwa fupi na la kawaida, hakuonekana hata mmoja mwenye alama hiyo. Mwaka 2014 ikatoka taarifa ya picha za baada ya mwaka mmoja hivi. Kati ya wale 22, watoto 14 walipigwa picha tena, na 10 kati yao walikuwa wamepata kovu la hipokampasi. Kati ya watoto 116 ambao picha zao za kwanza hazikuwa na alama na waliopigwa picha tena, ni mmoja tu aliyepata kovu.

Takwimu hizi hazisemi kwamba kila kovu huletwa na kifafa, maana kovu laweza pia kutangulia. Lakini zinaonyesha waziwazi kwamba shambulio refu laweza kuanzisha kovu katika ubongo wa mtoto. Kile alichokiona Meldrum kwa nyani sasa kilikuwa kimeonekana kwa mtoto aliye hai, na bila kumpasua.

Jambo hili si la London na Marekani tu. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulihesabu matukio 388 ya kifafa kisichokoma, chenye kutukutika, miongoni mwa watoto waliolazwa. Matukio 274 kati ya hayo yaliletwa na maambukizo, malaria ikiwa miongoni mwayo. Watoto 59 walifariki hospitalini. Hapa kwetu, basi, jambo tunalolitafutia jina aghalabu huja likiwa limeambatana na homa, na huja katika nyumba ambayo wenyewe wana jina lao la zamani: degedege.

Saa yaingia katika fasili

Sasa tutazame jinsi wataalamu walivyoibadili fasili yao. Katika mkutano wa Marseille wa mwaka 1962, na uainishaji wa kimataifa uliofuata mwaka 1964, ilikubaliwa kwamba hali hii ni shambulio linalodumu muda wa kutosha, au linalorudiarudia kiasi cha kutosha, hata likafanya hali isiyobadilika. Msomaji atauliza: muda wa kutosha ni kiasi gani? Fasili haikusema. Neno la Kilatini halikuwa na saa ndani yake, na fasili pia haikuwa nayo.

Majaribio ya wanyama ndiyo yaliyoleta kipimo cha dakika 30, kilichotumika kwa miaka mingi. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro moja ya hatari, kwa kuwa kilitaja muda ambao madhara huweza kuwa yamekwisha kuanza. Mwaka 1999 Daniel Lowenstein na wenzake walipendekeza kwamba kwa mashambulio ya kutukutika mwili mzima kipimo cha kazi kiwe dakika 5. Sababu yao ni kwamba mashambulio mengi ya aina hiyo hukoma yenyewe baada ya dakika moja au mbili, na lile lililopita dakika 5 halielekei kukoma bila dawa.

Mwaka 2015 Jumuiya ya Kimataifa ya Kupambana na Kifafa ilizipatanisha fikra hizo mbili kwa kuweka nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni ule ambao baada yake shambulio halielekei kukoma lenyewe. Hapo ndipo tiba ianze. Wakati wa pili ni ule ambao baada yake shambulio laweza kuacha madhara ya kudumu. Kwa mashambulio ya kutukutika mwili mzima nyakati hizo ni dakika 5 na dakika 30. Kwa mashambulio yanayoanzia sehemu moja ya ubongo na kumtia mtu bumbuazi, ni dakika 10 na zaidi ya dakika 60.

Picha tulizozieleza zinahusu wakati wa pili. Zinatuonyesha tunachokikimbia. Lakini hakuna anayepaswa kungoja picha kabla ya kutibu. Inapopigwa, dakika 5 zimekwisha kupita zamani. Tena vituo vingi vya afya havina mashine ya CT wala ya sumaku. Neno hufika mahali ambapo mashine haifiki, na kwa sababu hiyo twasema kwamba neno linapaswa kubeba kile ambacho picha zimetufundisha.

Jina la Kiswahili

Tukiupima kwa historia hiyo uchaguzi wa mfasiri tuliyeanza naye, twaona yafuatayo.

"Hali ya kifafa" lina upungufu uleule wa Kilatini, na kwetu upungufu huo ni mkubwa zaidi. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba ni hali ya kuwa na ugonjwa wa kifafa, ambayo ni ya kila siku wala haina haraka.

"Kifafa cha muda mrefu" lataja muda, lakini muda usio wake. Katika Kiswahili ugonjwa wa muda mrefu ni ugonjwa wa miaka.

"Kifafa endelevu" halifai kabisa. Neno "endelevu" limekwisha pewa maana njema katika habari za maendeleo, ya kitu kinachotakiwa kidumu. Kifafa hatutaki kidumu.

"Mtukutiko usiokoma" ni jina zuri kwa aina moja tu. Humwacha nje mgonjwa aliyekodoa macho kimya, ambaye mchoro wa umeme huonyesha kwamba bado ameshikwa.

"Degedege" ni neno lenye mizizi, na tusingependa lidharauliwe. Lakini wasemaji wengi hulitumia kwa watoto wadogo wenye homa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 kutoka wilaya ya Bagamoyo ulionyesha kwamba watu waliliona kuwa ugonjwa wa pekee wenye tiba zake za jadi. Mfasiri anayewaandikia wazazi hana budi kulitumia, kwa kuwa ndilo watakalolielewa. Hata hivyo halitoshi kuwa istilahi ya jumla.

Basi tufanye kama Calmeil, tusikilize. Wasemaji wa Kiswahili husema nini mtu aangukapo? Husema, "Kifafa kimemshika." Na azindukapo husema, "Kimemwachia." Lugha yetu, pasipo kusaidiwa na mtu, imekwisha kukitazama kifafa kama kitu kinachoshika na kuachia. Kilichobaki ni kukanusha kitenzi. Twapendekeza, kwa hiyo, jina "kifafa kisichoachia". Ndani yake kuna muda, kuna hatari, na kuna wajibu: kisichoachia lazima kiachishwe. Aidha jina hilo lafaa kwa anayetukutika na kwa aliye kimya, kwa mtoto na kwa mzee. Pamoja nalo twapendekeza istilahi hizi:

Shambulio la kifafa: tukio moja la kushikwa, tangu mwanzo hadi mtu aachiwe. Neno "kifafa" peke yake libaki kuwa jina la ugonjwa.

Kifafa kisichoachia: shambulio lililopita wakati wa kwanza bila kukoma, au mashambulio yanayofuatana bila ya mgonjwa kupata fahamu katikati.

Wakati wa kutibu na wakati wa madhara: nyakati mbili za fasili ya mwaka 2015. Mfasiri aandike idadi ya dakika kila azitajapo.

Picha ya sumaku: ile ijulikanayo hospitalini kama MRI. Picha ya mwendo wa maji ni aina yake.

Uvimbe wa seli: kuvimba kwa seli kutokana na maji yaliyoingia ndani yake, tofauti na maji yaliyovuja kutoka mishipani.

Hipokampasi, thalamasi, pulvina: maneno ya kukopa. Tumeyaacha hivyo kwa kuwa tafsiri ya maana zake za asili, yaani farasi wa baharini, chumba na mto wa kuegemea, ingemchekesha mwanafunzi bila kumfundisha.

Kovu la hipokampasi: kufa kwa seli na kukakamaa kunakobaki baadaye.

Mwandishi wa tangazo la shule au la ofisi anaweza kuyaweka yote hayo katika sentensi chache: Mtu akishikwa na kifafa, tazama saa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, wala usimtie kitu kinywani. Dakika 5 zikipita kabla hakijamwachia, au kikimrudia kabla hajazinduka, hicho ni kifafa kisichoachia. Mpelekeni hospitali mara moja.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali walijaribu jina hili katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa kutoka sehemu ambako watu hutumia kitenzi kingine badala ya "kuachia". Likionekana bora zaidi, tutalipokea. Sharti letu ni moja tu: mtu alisomaye kwa mara ya kwanza ajue kwamba muda unahesabiwa.